Bonde Lenye Maji Liwe na Karatasi: Mwongozo kwa Vijiji vya Mtwara na Lindi

Vijiji vingi vya kusini vinadai maji kana kwamba ni suala la bomba peke yake. Barua inakwenda kwa diwani, diwani anapaza sauti kwenye kikao cha halmashauri, mwaka unapita. Wakati huohuo bonde lenye chemchemi linauzwa kipande kwa kipande, na siku mradi unapokuja hakuna pa kuchimba wala pa kupitisha bomba. Mwongozo huu unayashika mambo yote mawili kwa pamoja, kwa sababu aliyeshika ardhi ya bonde ndiye anayeamua nani achote maji na nani arudi na ndoo tupu.

Nimeuandika kwa ajili ya wenyeviti na watendaji, wajumbe wa kamati za maji, wazee wanaojua mipaka, na kina mama wanaoamka saa tisa usiku kuwahi foleni. Hauhitaji mwanasheria. Unahitaji daftari, kalamu, simu yenye kamera, na watu wasiochoka upesi.

Hali si moja kila mahali. Juu ya uwanda wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, mchanga unayameza maji ya mvua na hakuna mto. Watu wanavuna maji ya bati kwenye visima vilivyojengwa nyumbani, na vikikauka wanashuka bondeni au wanasubiri maji yanayosukumwa kutoka bonde la Mitema. Kilwa, Liwale na Nachingwea mito ipo, ila mkulima, mfugaji na mwekezaji wote wanaitazama mito hiyohiyo. Chagueni hatua zinazowahusu, lakini ya kwanza na ya tatu zisirukwe na kijiji chochote.

Hatua ya 1: Pimeni kabla ya kulalamika

"Tuna shida kubwa ya maji" ni maneno ambayo kila ofisi imeshayasikia. Namba za kitongoji chenu hawajazisikia. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo ambacho mnaweza kusimama juu yake: kila mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka anapoishi, na kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250.

Chagueni watu wachache kutoka kila kitongoji, wakiwemo wanawake wanaochota wenyewe. Wafanye kazi mwezi wa tisa au wa kumi, kiangazi kikiwa kimekaza. Ukipima mwezi wa tatu visima vimejaa, na mtaalamu wa wilaya atakuonyesha daftari lako mwenyewe kuthibitisha kwamba maji yapo. Waandike kitongoji kina kaya ngapi, wanachota wapi, ni mita ngapi kwa njia ya miguu, foleni inachukua muda gani, ndoo ya lita 20 inauzwa shilingi ngapi, na ni miezi gani chanzo kinakauka. Simu nyingi zinapima umbali ukitembea nazo.

Kisha simameni kwenye bomba na saa mkononi. Wekeni ndoo ya lita 20, hesabuni inajaa kwa dakika ngapi. Tuseme dakika tatu. Hiyo ni lita 400 kwa saa. Watu 250 kwa lita 25 wanahitaji lita 6,250 kwa siku, kwa hiyo bomba hilo litabidi litiririke karibu saa kumi na sita bila kufungwa. Kama linafunguliwa kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa mbili jioni, linatoa lita 1,600 tu, ambazo kwa kipimo cha sera zinawatosha watu 64. Kwenye taarifa ya wilaya bomba hilo limeandikwa linahudumia watu 250. Hesabu hii ya ndoo moja ina nguvu kuliko malalamiko ya mkutano mzima, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya.

Familia ya watu sita inahitaji lita 150, yaani ndoo saba na nusu. Ulizeni kaya kumi zinachota ndoo ngapi kweli. Andikeni.

Hatua ya 2: Jueni nani ana kauli juu ya nini

Barua nyingi hufia njiani kwa sababu zimepelekwa mlango usio wake.

Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, lakini kama mdhamini tu, kwa niaba ya wanakijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema wazi kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mwenyekiti peke yake hana ardhi ya kugawa. Mtendaji hana. Diwani hana.

Huduma ya maji vijijini iko chini ya RUWASA, wakala ulioundwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya mwaka 2019, na meneja wake yuko wilayani. Mradi wenyewe ukishajengwa unaendeshwa na chombo cha watumiaji maji ngazi ya jamii, ambacho maofisa hukiita CBWSO na wengi wetu bado tunakiita kamati ya maji. Maeneo ya miji yana mamlaka zake, kama MTUWASA kwa Mtwara, LUWASA kwa Lindi na MANAWASA kwa Masasi na Nachingwea. Kama bomba lenu linatoka kwenye mtandao wa mamlaka ya mji, RUWASA watawaelekeza huko, basi afadhali mjue mapema.

Chanzo chenyewe, yaani mto, chemchemi au maji ya chini ya ardhi, kiko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao makuu Mtwara. Mtu anayetaka kuvuta maji mengi ya umwagiliaji, kiwanda au mgodi anatakiwa awe na kibali cha bodi hiyo. Wewe unayechota ya kunywa, kupikia na kufulia huhitaji kibali, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, inaweka mahitaji ya nyumbani mbele katika kugawa maji. Kwa hiyo mkiona mashine kubwa imewekwa mtoni na maji ya upande wa chini wa mto yanapungua, swali la kwanza kwa bodi ni hili: mwenye mashine ana kibali, na kinamruhusu kuvuta kiasi gani?

Kuna jambo linalochanganya watu. Chombo cha watumiaji maji kinashughulika na mabomba na ankara. Jumuiya ya watumia maji, inayoundwa chini ya bodi ya bonde, inashughulika na kulinda chanzo na kugawana maji ya mto kati ya vijiji na watumiaji. Vijiji vinavyotumia mto mmoja vinahitaji hii ya pili, na wengi hawajawahi kuulizia.

Hatua ya 3: Mkutano mkuu na karatasi zake

Hapa ndipo ardhi na maji hupatikana au hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Ni kikao halali cha serikali ya kijiji, hakihitaji ruhusa ya mtu wa juu. Kama haujaitishwa kwa muda mrefu, hilo ndilo dai lenu la kwanza, kabla ya maji, kabla ya ardhi. Muandikieni mtendaji, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya.

Chagueni siku kwa akili. Wakati wa kupuliza mikorosho watu wako shambani alfajiri, basi mkutano uwe saa tisa alasiri. Wakati wa kuokota korosho, mnada ukiwa umekaribia, hamtapata mtu. Msimu wa ngoma vilevile. Saa ya kina mama kwenda kuchota maji ni saa mbaya kuliko zote kwa mkutano wa maji, na bado ndiyo inayochaguliwa mara nyingi. Tangazo libandikwe ofisi ya kijiji, kwenye chama cha msingi cha korosho, msikitini, kanisani na dukani, likitaja ajenda kwa maneno kamili. "Mengineyo" isiwe mlango wa kupitishia ardhi.

Sasa karatasi ya mahudhurio. Itazameni vizuri inapopita mkononi. Mara nyingi ni ukurasa wa daftari la mistari, umechorwa safu tatu kwa rula: namba, jina, sahihi. Juu hakuna kichwa. Watu wanasaini wakiingia, wasiojua kuandika wanaweka dole gumba kwenye wino wa bluu, karatasi inajaa, inawekwa kwenye faili. Karatasi hiyo isiyo na kichwa inaweza kuambatanishwa kesho na muhtasari wowote, hata ule unaosema mmekubali kutoa bonde la kijiji. Kila sahihi ni ya kweli, na kila mtu alikuwepo kweli siku hiyo. Alikuja kusikiliza habari za chanjo ya watoto.

Kwa hiyo, kabla ya sahihi ya kwanza, kila ukurasa uandikwe juu: jina la kijiji, tarehe, ajenda zote, na namba ya ukurasa. Mkutano ukiisha, mstari upigwe chini ya jina la mwisho ili lisiongezwe jina. Mtu mmoja aliyechaguliwa na mkutano apige picha kila ukurasa palepale mbele ya watu. Hakuna ugomvi katika kusema hivi. Bibi yeyote anaweza kusimama akasema: "Mwanangu mtendaji, kabla hatujaweka dole, tuandikie hapo juu tunachokikubali ni nini." Mtendaji mwema atashukuru, kwa maana inamlinda na yeye.

Maazimio yaandikwe kwa namna ambayo mtu wa mbali akisoma anaelewa. Si "wananchi walikubali suala la chanzo cha maji". Andikeni hivi:

*"Mkutano Mkuu wa Kijiji uliofanyika tarehe … umeazimia kwamba eneo la bonde la …, linalopakana na shamba la … upande wa mashariki, barabara ya … upande wa kusini, na mto … upande wa magharibi na kaskazini, ni ardhi ya jumuiya ya kijiji kwa ajili ya chanzo cha maji. Eneo hili halitagawiwa, halitauzwa wala kukodishwa kwa mtu au kampuni yoyote. Waliokubali … Waliokataa … Wasiopiga kura …"*

Muhtasari usomwe kwenye mkutano unaofuata na kuthibitishwa, nao uandikwe kwamba umesomwa. Tunzeni nakala mahali pawili, nakala moja isikae ofisini. Ofisi za vijiji zinavuja, na mafaili yana tabia ya kupotea wakati mtendaji anapohamishwa.

Hatua ya 4: Ingizeni chanzo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi

Azimio linasaidia, lakini linatingishika bila mpango. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaigawa ardhi ya kijiji katika sehemu tatu: ya jumuiya, ya watu binafsi na familia, na ya akiba. Bonde lenu lisipoandikwa kuwa la jumuiya, siku moja litaitwa pori, na likishaitwa pori litaonekana halina mwenyewe. Mashamba yaliyoachwa yapumzike nayo huitwa pori na wageni. Mwenye shamba anajua lilimwa lini na litalimwa lini. Mgeni anaona vichaka tu.

Utaratibu uko hivi kwa ufupi. Mipaka ya kijiji inakubaliwa na majirani na kupimwa, kijiji kinapata cheti cha ardhi ya kijiji, mkutano mkuu unachagua kamati ya mipango ya matumizi ya ardhi, wataalamu wa wilaya wanasaidia kuchora ramani, mpango unarudi mkutano mkuu kupitishwa, na sheria ndogo zinapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Baada ya hapo familia zinaweza kupata hatimiliki za kimila za mashamba yao. Kazi hii ina gharama, na wilaya husema fungu hakuna. Ombeni iingizwe kwenye bajeti, nanyi anzeni lisilohitaji fedha: wazee na vijana watembee mpaka pamoja, wachore ramani ya mkono, waandike majina ya mabonde, njia za maji, visima vya zamani na miti ya mpaka. Mikorosho na miembe mikubwa ni mashahidi wazuri, kila mtu anajua aliyeipanda.

Mambo matatu yasikosekane kwenye mpango.

La kwanza, ukanda wa hifadhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Kama kuna familia zinazolima mpunga au mboga humo, msiwafukuze kwa kupiga ngoma. Kaeni nao, muwatafutie eneo jingine kwanza kwenye ardhi ya akiba. Kampeni ya maji inayoanza kwa kumnyima jirani chakula itaishia kortini.

La pili, njia. Kisima cha jumuiya ambacho njia yake inapita katikati ya shamba la mtu kitafungwa siku shamba hilo litakapouzwa. Njia ichorwe kwenye ramani, upana uandikwe.

La tatu, mifugo. Tangu wafugaji walipohamishiwa Lindi kutoka bonde la Usangu miaka ya 2006 na 2007, ugomvi wa mashamba na maji umekuwa ukizuka Kilwa, Liwale, Nachingwea na kwingineko. Najua jinsi mkulima anavyoumia akikuta ufuta wake umelazwa. Hata hivyo ng'ombe lazima anywe, na asipopangiwa pa kunywa atakunywa penu. Mpango usio na eneo la malisho, njia ya mifugo na lambo au birika la kunyweshea ni mpango wa kugombana. Waiteni wafugaji kwenye mkutano mkuu. Kama ni wakazi, wana kura kama ninyi.

Na kama bonde ni la vijiji viwili au vitatu, sheria inaruhusu makubaliano ya pamoja ya matumizi ya ardhi. Yaandikwe, yapitishwe na mkutano mkuu wa kila kijiji. Kijiji cha juu kikikata miti yote, cha chini kinakosa maji hata kama karatasi zake zote zimenyooka.

Hatua ya 5: Barua na ufuatiliaji

Sasa mna namba, mna azimio, mna ramani. Barua iwe ukurasa mmoja:

*"YAH: MAOMBI YA KITUO CHA KUCHOTEA MAJI KITONGOJI CHA … Kitongoji chetu kina kaya …, watu …. Chanzo cha karibu kiko mita …. Kwa vipimo tulivyochukua mwezi …, bomba lililopo linajaza ndoo ya lita 20 kwa dakika … na hufunguliwa saa … kwa siku. Tunaomba (1) …, (2) …. Eneo la kujenga limetengwa na Mkutano Mkuu wa tarehe …. Tumeambatanisha muhtasari, mahudhurio na ramani. Tunaomba majibu kwa maandishi."*

Ipelekeni kwa meneja wa RUWASA wa wilaya, kupitia mtendaji wa kijiji na wa kata, nakala kwa mkurugenzi, mkuu wa wilaya na diwani. Nendeni watu wawili au watatu. Msiondoke bila nakala yenu kugongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Muhuri huo ndio kumbukumbu yenu. "Tulishawahi kuleta" haina uzito.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na mipango hupikwa miezi mingi kabla. Barua ya mwezi wa tano imechelewa. Pimeni mwezi wa tisa, mkutano mkuu mwezi wa kumi, barua iwe mezani kabla ya Desemba.

Mkitaka kujua fedha za mradi uliokwama zilikwenda wapi, au mkataba unasemaje, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawapa haki ya kuomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ulizeni jambo moja mahsusi: mkandarasi ni nani, thamani ya mkataba ni kiasi gani, kilichokwisha kulipwa ni kiasi gani, tarehe ya kumaliza ni lini. Maswali manne yanatosha.

Mkitaka kuandamana au kufanya mkutano wa hadhara nje ya vikao vya kijiji, polisi wapewe taarifa kwa maandishi angalau saa 48 kabla. Na msikate bomba la kijiji kingine, msing'oe bikoni za mpaka, msichome banda la mtu. Mbali na kwamba ni makosa, siku hiyohiyo habari inageuka kutoka kwenye maji yenu na kuwa kesi ya vijana wenu.

Akija mtu anayetaka ardhi

Huja na gari, ahadi ya zahanati, ahadi ya kisima na ahadi ya ajira. Msimkatae kabla hamjamsikia, wala msimpe jibu siku hiyohiyo.

Jueni kwanza kwamba asiye raia hawezi kupewa ardhi ya kijiji moja kwa moja. Inabidi ardhi hiyo ihamishwe kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, yaani ile isiyo chini ya kijiji tena. Kama eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kukubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri baada ya kupokea maoni ya mkutano mkuu. Hekta 250 ni zaidi ya ekari 600. Fidia inatakiwa iwe imekubaliwa kabla ya uhamisho.

Kilwa ina funzo ambalo kila kijiji cha kusini kingefaa kulisikia. Kuanzia mwaka 2006 kampuni ya Kiholanzi ya kilimo cha mibono ilifuata ardhi ya vijiji vinne: Mavuji, Migeregere, Liwiti na Nainokwe. Zaidi ya hekta 30,000 zikatoka mikononi mwa vijiji. Kufika mwaka 2010 kampuni ilikuwa imefilisika. Mibono haikuwepo tena, lakini ardhi haikurudi yenyewe kijijini, kwa sababu ilishabadilika kuwa ardhi ya jumla. Hilo ndilo la kushika: mradi ukifa, ardhi haifufuki kuwa ya kijiji mpaka mamlaka iamue hivyo. Wilaya hiyohiyo ina mfano wa upande mwingine. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilitenga misitu yao kuwa hifadhi za kijiji, na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, ili mpingo wao uuzwe na wao wenyewe.

Muulizeni mgeni haya kwenye mkutano, majibu yaandikwe: anahitaji ekari ngapi mwaka wa kwanza, na si miaka kumi ijayo, maji atayatoa wapi na kibali kiko wapi, kama ni kukodi, kwa miaka mingapi, njia za watu kwenda kisimani zitabaki wapi, ahadi ya zahanati iko ukurasa wa ngapi wa mkataba. Ahadi isiyo kwenye ukurasa wowote ihesabuni haipo. Mpeni wiki kadhaa, mrudi mkutanoni mara ya pili bila yeye kuwepo.

Mkifika kwenye fidia, mthamini ahesabu mikorosho, minazi na nyumba mbele ya mwenye mali, mmoja mmoja, na mwenye mali achukue nakala ya fomu au aipige picha kabla ya kusaini. Fidia si thamani ya mazao na nyumba tu. Kuna ardhi yenyewe, posho ya usumbufu, usafiri, makazi, na faida iliyopotea kwa aliyekuwa na biashara. Malipo yatolewe ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe, yakichelewa yanadai riba, na uthamini ukipita miaka miwili bila malipo unabidi ufanywe upya. Mke na mume wote wawepo kwenye fomu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, na kwenye koo nyingi za kusini, ambako shamba hufuata upande wa mama, kumwacha mwanamke nje ya karatasi ni kosa la sheria na la mila kwa mpigo.

Mgogoro ukishazuka

Anzeni Baraza la Ardhi la Kijiji: wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Msiposuluhika, nendeni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa linatoa cheti cha kuonyesha limeshindwa, na bila cheti hicho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri. Baraza la Kata likikaa siku 30 bila kusuluhisha, mnaweza kusonga mbele. Rufaa kutoka wilaya inakwenda Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake Mtwara.

Msilale. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12. Na kama mnayemshtaki ni halmashauri ya kijiji, ya wilaya au serikali, lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe. Kesi nyingi nzuri zimetupwa kwa kosa hili la utaratibu. Kwa hatua hii mtafuteni msaidizi wa kisheria wa wilaya yenu. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na huduma yao ni bure. Malalamiko dhidi ya ofisi ya umma yanapokelewa pia na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, bila malipo.

Maji yakishafika

Mkandarasi akifika kuchimba, mwenye shamba mmoja mkarimu husema "chimbeni hapa kwangu". Mchukulieni ukarimu wake, lakini siku hiyohiyo iandikwe hati ya kutoa eneo: ukubwa wa kisima na uzio wake, njia ya kuingia, mahali pa tangi, sahihi yake, ya mwenza wake na ya watoto wake wakubwa, mashahidi, na azimio la mkutano mkuu kulipokea kama ardhi ya jumuiya. Akifariki, warithi wasiojua ahadi ya mzee wao watafunga geti, na hawatakuwa na kosa kwa kuwa hakuna walichoonyeshwa.

Chombo cha watumiaji maji kichaguliwe na watumiaji, kisajiliwe RUWASA, kiwe na wanawake kwenye nafasi za fedha na si kwenye usafi peke yake. Bei ya ndoo ijadiliwe kwenye mkutano ikiwa na hesabu mezani: umeme au dizeli, posho ya mhudumu wa bomba, vipuri, akiba ya pampu. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila mwezi, pamoja na namba iliyosomwa kwenye dira ya maji. Dira ikionyesha maji yaliyotoka ni mengi kuliko fedha iliyoingia, aidha bomba linavuja au mtu anachota bila kulipa, na yote mawili yanatafutwa wiki hiyo. Mkubaliane mapema pia wazee wasiojiweza na wagonjwa watachotaje. Andikeni majina yao, kitongoji kwa kitongoji, ili mhudumu wa bomba asilazimike kuamua peke yake mbele ya foleni.